Presha, kisukari na saratani fedha ikiwa kidogo: kipi kianze, kipi kisubiri

Mwaka 2021 magonjwa yasiyoambukiza, yaani magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari, saratani, magonjwa sugu ya mapafu na mengine ya kundi hilo, yaliua watu wasiopungua milioni 43 duniani. Milioni 18 kati yao hawakufikisha miaka 70. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), katika kila watu 100 wanaokufa mapema namna hiyo, 82 wanatoka nchi za kipato cha chini na cha kati. Ukigeukia misaada ya kimataifa ya afya, fungu linalokwenda kwenye magonjwa haya limekuwa likicheza kati ya asilimia 1 na 2.

Anayepanga bajeti katika nchi hizo, awe wizarani, wilayani au kwenye shirika, huletewa mapendekezo mengi na karibu yote ni mazuri. Kodi ya tumbaku ni nzuri. Kampeni ya kupima presha ni nzuri. Mashine za kusafisha damu ni nzuri. Fedha inatosha mawili au matatu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yake, na msimamo wangu nausema mapema: fedha ya kwanza iende kwenye njia inayoweza kumfuata mgonjwa mwaka mzima. Ugonjwa sugu hauishi kwa tukio la siku moja. Kila pendekezo liulizwe mgonjwa huyu atapata nini mwezi wa 11 tangu aanze, kamera zikiwa zimeshaondoka.

Kodi na sheria, au dawa na kliniki?

Hili ndilo swali linalotangulia kwenye vikao vingi: tuzuie au tutibu? Linaulizwa kana kwamba vyote viwili vinagombea kapu moja, na hapo ndipo mjadala unapoharibika. Kodi haili bajeti ya afya. Inaiongezea. Inachohitaji ni wabunge wenye msimamo na maofisa wa forodha wanaofanya kazi yao.

Ushahidi wa tumbaku ni wa miaka mingi na hautetereki. Bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika nchi za kipato cha chini na cha kati hushuka kwa takriban asilimia 5, na katika nchi tajiri kwa takriban asilimia 4. Wanaoitikia zaidi ni vijana na wenye kipato kidogo. Ufilipino ilipitisha sheria ya kodi ya tumbaku na pombe mwaka 2012 na kuelekeza sehemu kubwa ya mapato yake kwenye bima ya afya ya watu maskini. Thailand tangu 2001 inatoza nyongeza ya asilimia 2 juu ya kodi za bidhaa hizo hizo, na fedha hiyo inakwenda kwenye mfuko wa kuhamasisha afya. Kwa hiyo kodi inaweza kulipia kliniki, mradi sheria yenyewe iseme hivyo tangu siku ya kuandikwa. Ikinyamaza, mapato yatamezwa na mfuko mkuu na wizara ya afya itabaki kuombaomba.

Kwa vinywaji vyenye sukari kuna mifano miwili ya kulinganisha. Mexico ilianza mwaka 2014 na peso 1 kwa kila lita. Ununuzi ulipungua kwa karibu asilimia 6 mwaka wa kwanza na karibu asilimia 10 mwaka wa pili. Afrika Kusini ilianza Aprili 2018, lakini yenyewe inatoza kwa gramu ya sukari inayozidi gramu 4 kwa kila mililita 100. Ningeulizwa, ningechagua wa Afrika Kusini. Kodi ya lita humsukuma mnunuzi peke yake, ilhali kodi ya gramu humsukuma na mwenye kiwanda, kwa sababu akipunguza sukari anapunguza kodi, hata mteja asipobadili tabia.

Udhaifu wa njia hii ni wakati. Mwenye presha ya 180 kwa 110 leo hatasaidiwa na kodi iliyopitishwa jana. Anayeacha sigara hatari yake ya moyo na kiharusi huanza kushuka ndani ya miaka michache, lakini saratani ya mapafu inachukua muda mrefu zaidi kupungua kwenye takwimu. Bunge lisitarajie kuona matunda ndani ya kipindi kimoja cha uchaguzi.

Kwa mwenye uamuzi, basi, jibu linategemea kiti alichokalia. Kama uko wizara ya fedha au bungeni, kodi ndiyo ianze, na usiizungushe. Kama uko wilayani, huna mamlaka ya kutoza tumbaku, hivyo nguvu zako zisiishie kwenye semina za kuhimiza watu waache. Nenda moja kwa moja kwenye dawa na huduma.

Chumvi: kwanza jua inatoka wapi

Watu duniani hula wastani wa karibu gramu 11 za chumvi kwa siku, wakati WHO inashauri chini ya gramu 5. Kuna njia mbili kuu za kuipunguza, na nchi nyingi hunakili mojawapo bila kujiuliza kama inawafaa.

Njia ya kwanza ni kuweka kikomo kwa viwanda. Afrika Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013, zikaanza kutumika Juni 2016, zikikazwa tena 2019. Kanuni kama hizo zina maana pale ambapo chumvi kubwa ya watu imo ndani ya vyakula vya kiwandani. Njia ya pili ni kubadili chumvi yenyewe, sehemu ya sodiamu ikaondolewa na kuwekwa potasiamu. Huko China, katika vijiji 600 na watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 au zaidi na presha, nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Baada ya takriban miaka 5 kiharusi kilikuwa pungufu kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka 2025 WHO ikatoa mwongozo unaoikubali chumvi ya aina hiyo, kwa tahadhari.

Pale ambapo chumvi nyingi huingia chakulani kwa mkono wa mpishi nyumbani, kanuni za viwandani zitagusa sehemu ndogo tu ya tatizo, na chumvi mbadala ndiyo yenye mantiki. Lakini tahadhari ile isipuuzwe: mwenye figo mbovu potasiamu ikimzidi inaweza kusimamisha moyo. Mahali ambapo watu hawajui hali ya figo zao na hakuna maabara ya kuwapima, chumvi hii isigawiwe kiholela. Ianze na wagonjwa wanaofuatiliwa kliniki.

Kampeni za kupima, au kumpima anayefika?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Kampeni ya upimaji inajulikana ilivyo. Hema, spika, fulana, foleni. Mtu ametembea, amesimama juani, anaketi kwenye kiti kisicho na egemeo, mkono unaning'inia. Mkanda wa mashine ni wa saizi moja kwa kila mtu, mwembamba na mnene. Unafungwa juu ya nguo, na mashine ikiwa inasoma mpimaji anamwuliza umri na namba ya simu. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuharibu kipimo: mkanda mdogo kwa mkono mnene, mkono ulio chini ya usawa wa moyo, kuongea, kibofu kilichojaa. Kipimo sahihi kinataka mtu akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishanishwa, mkono uko wazi na umelazwa usawa wa moyo, kisha apimwe zaidi ya mara moja na arudie siku nyingine kabla ya kuambiwa ana presha. Hemani hakuna siku nyingine. Kuna karatasi iliyoandikwa "nenda hospitali".

Na akienda? Takwimu za WHO za mwaka 2023 zinaonyesha pa kutazama. Watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye presha duniani ni takriban bilioni 1.3. Asilimia 54 wanajua wanayo. Asilimia 42 wako kwenye matibabu. Asilimia 21 tu ndio presha yao imedhibitiwa. Yaani nusu ya walio kwenye matibabu bado presha yao iko juu, na hao tulishawapima, tukawaambia, tukawaanzishia dawa. Kuwaongezea wapya juu yao kabla ya kuwatuliza waliopo ni kupanua foleni ya wasiohudumiwa.

Kuna na ushahidi wa kisukari unaopaswa kututuliza. Nchini Uingereza zaidi ya watu 20,000 walio katika hatari kubwa ya kisukari waliingizwa kwenye utafiti wa upimaji. Baada ya karibu miaka 10, vifo havikupungua kati ya walioitwa kupimwa na wasioitwa. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Huko dawa zilikuwepo, madaktari walikuwepo, na bado kupima peke yake hakukuonyesha tofauti.

Njia mbadala haina mvuto wa picha. Kila mtu mzima anayefika kituoni kwa sababu yoyote, awe amekuja na malaria, mtoto au jeraha, apimwe presha kabla ya kumwona tabibu. Mwenye dalili au hatari apimwe na sukari. Anayekutwa nayo anaanza safari yake hapo hapo, kwenye daftari la hapo hapo, na dawa ya hapo hapo. Ni kipimo kile kile, lakini kina mlango wa kurudia.

Ubaya wake ni wanaume. Wanawake hufika kliniki kwa uzazi na watoto. Mwanaume wa miaka 45 anaweza kukaa miaka asikanyage kituo. Kwa hao kuna njia ya tatu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumbani. Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka walilijaribu hilo kwa watu 2,645 wenye presha: mhudumu anapima nyumbani, anashauri, anampeleka mwenye presha kubwa kwa daktari aliyefunzwa, na anarudi tena. Baada ya miaka 2 namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa milimita 5 za zebaki, kipimo cha presha, zaidi kuliko kwa wale wa huduma za kawaida. Hema na mhudumu wote wanapima, lakini mhudumu ana njia ya kurudi kwenye mlango ule ule.

Niseme wazi kwamba upimaji wa umma una nafasi yake pale ambapo matibabu yamefungwa nayo tangu mwanzo. Kaskazini mwa Uganda watoto 818 walikutwa na dalili za awali za ugonjwa wa valvu za moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, kabla hawajaugua. Waliochomwa penisilini ya muda mrefu kila mwezi, chini ya asilimia 1 waliendelea kuharibika katika miaka 2. Kwa wasiochomwa, zaidi ya asilimia 8. Huo ni upimaji ninaoweza kuutetea kwenye kikao chochote, kwa sababu sindano ya mwezi wa pili ilipangwa kabla ya kipimo cha kwanza.

Hospitali ya rufaa, au zahanati?

Kliniki ya presha na kisukari kwenye hospitali ya rufaa ina bingwa, ina maabara, na ina msongamano. Mgonjwa wa mbali hulipa nauli, hupoteza siku ya kazi, akifika anakuta foleni. Baada ya miezi kadhaa anarudi pale tu anapozidiwa. Zahanati iko karibu lakini haina daktari. Kwa miaka mingi hilo lilitosha kuihukumu.

Leo halitoshi tena. Colombia na Malaysia wahudumu wasio madaktari walisimamia presha za watu wakifuata mwongozo mfupi, chini ya daktari, dawa zikiwa bure na ndugu au rafiki mmoja akichaguliwa kumsaidia mgonjwa. Baada ya mwaka, asilimia 69 walikuwa wamefikisha namba ya juu chini ya 140, dhidi ya asilimia 30 ya huduma za kawaida. Huko vijijini China, katika vijiji 326, matabibu wa kijiji walipewa jukumu hilo hilo. Baada ya miezi 18 asilimia 57 ya wagonjwa wao walikuwa chini ya 130 kwa 80, dhidi ya asilimia 20. Mwaka 2021 WHO yenyewe iliandika kwamba wauguzi na wafamasia wanaweza kutoa matibabu ya presha, wakiwa wamefunzwa, wana ruhusa ya kuandika dawa, wana mwongozo na wanasimamiwa na daktari.

Ruhusa ya kuandika dawa ndiyo inayokwamisha. Katika nchi nyingi mwongozo wa zahanati ni mzuri, muuguzi amefundishwa, dawa imefika, na kanuni ya zamani bado inamzuia kuandika amlodipini, dawa ya presha. Kuibadilisha hakugharimu fedha nyingi. Kunagharimu vikao na mabaraza ya taaluma, na hayo yaanze mwaka mmoja kabla ya mradi, si baada yake.

Kwa presha na kisukari cha ukubwani, kwa hiyo, nachagua zahanati bila kusita. Kisukari cha aina ya kwanza, selimundu na valvu za moyo zilizoharibika ni habari nyingine. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza bila insulini hana muda mrefu wa kuishi, na mwongozo wa ukurasa mmoja hautoshi kumhudumia. Rufaa ya mbali nayo haimfai. Rwanda ilionyesha njia ya katikati: wauguzi waliobobea kwenye hospitali za wilaya, wakiwa na kipimo cha moyo cha ultrasaundi, insulini na utaratibu wa kuwafuatilia wagonjwa hawa wachache. Agosti 2022 huko Lomé mawaziri wa afya wa kanda ya Afrika ya WHO waliupitisha mkakati wa namna hiyo, unaojulikana kama PEN-Plus. Wagonjwa wa kundi hili hawajai ukumbi, ndiyo maana wanasahaulika katika bajeti zinazohesabu vichwa. Wengi ni watoto na vijana. Mimi siwezi kuikubali hesabu inayowaacha.

Dawa nyingi za kuchagua, au mwongozo mmoja?

Madaktari hupenda uhuru wa kuchagua, na kwa mgonjwa mmoja mmoja uhuru huo una maana. Bohari ya dawa hauiwezi. Wakiandika aina 14 za dawa za presha, hakuna itakayoagizwa kwa wingi wa kushusha bei, na hakuna atakayejua ipi itaisha lini. Mwongozo mmoja unasema: anza na dawa hii kwa dozi hii, arudi baada ya mwezi, ikiwa bado ni 140 kwa 90 au zaidi, ongeza ya pili, kisha ya tatu. Dawa tatu, hatua nne au tano, ukurasa mmoja ukutani. Hapo mfamasia wa wilaya anaweza kuchukua idadi ya wagonjwa, akazidisha, akaagiza.

Ukiweza, chagua dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Sri Lanka walijaribu kidonge chenye dawa tatu kwa dozi ndogo: baada ya miezi 6 asilimia 70 ya wagonjwa walifikia lengo, dhidi ya asilimia 55 ya waliotibiwa kwa namna ya kawaida. Iran walikwenda mbali zaidi, wakachanganya dawa za presha, statini (dawa ya kushusha lehemu) na aspirini kwenye kidonge kimoja, wakawapa watu wa miaka 50 na kuendelea kwa miaka 5. Utafiti mzima ulikuwa na watu 6,838, na matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 34. Vidonge mchanganyiko vya aina hiyo viliingia kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2023. Kikwazo kilichobaki ni upatikanaji na bei, na bei hushuka nchi zinapoungana kununua.

Kuhusu insulini, kuna shinikizo kubwa la kuhamia zile mpya ambazo muundo wake umebadilishwa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 ulishauri insulini ya kawaida ya binadamu itangulie, zile mpya za muda mrefu ziwe kwa wanaoshuka sukari mara kwa mara hadi kuzidiwa. Bajeti ikiwa finyu, huo bado ni ushauri mzuri. Usinunue kalamu za insulini kwa wachache huku wengi wakikosa chupa.

Jambo moja dogo linalobeba mengi ni muda wa dawa. Mgonjwa aliyetulia akipewa za mwezi mmoja, anakuja mara 12 kwa mwaka. Akipewa za miezi 3, anakuja mara 4. Nauli imepungua kwa theluthi mbili, foleni vilevile, na muuguzi amepata nafasi ya kumshughulikia ambaye presha yake haijashuka. Inachohitaji ni akiba kubwa zaidi rafuni mwanzoni, mara moja.

Kliniki yake yenyewe, au pamoja na VVU?

Huduma za VVU zilishajenga kila kitu ambacho presha inakihitaji: daftari, tarehe ya kurudi, mtu wa kumtafuta aliyepotea, dawa za miezi mingi. Hofu ilikuwa kwamba kuwachanganya wagonjwa kutaharibu kilichojengwa. Utafiti wa Tanzania na Uganda katika vituo 32, uliochapishwa 2023, uliweka upande mmoja kliniki moja kwa VVU, kisukari na presha, upande wa pili kila ugonjwa na kliniki yake. Pande zote mbili karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wa kisukari na presha walibaki kwenye huduma, na wenye VVU takriban asilimia 97 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Hakuna aliyeumia kwa kuchanganywa, na kituo kimoja hakihitaji tena timu tatu. Kwa kituo chenye wauguzi wawili, nachagua kuchanganya.

Ila hapa dirisha la dawa lina maumivu yake. Mtu mmoja mwenye VVU na presha anapewa dawa za kufubaza virusi bure, kisha kwa presha anaandikiwa cheti akanunue. Wafadhili wanalipia nusu ya mwili wake. Anayeandika mkataba na mfadhili wa VVU aombe dawa tatu za presha ziingizwe humo. Kwa mfadhili ni fedha ndogo, na zinalinda maisha ambayo tayari ameyagharamia.

Shingo ya kizazi: chanjo, kisha uchunguzi

Hapa uamuzi ni mwepesi kuliko kwingine. Mwaka 2022 saratani ya shingo ya kizazi iliua wanawake wapatao 350,000, na asilimia 94 walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Rwanda ilianza kuchanja wasichana nchi nzima mwaka 2011 na kuvuka asilimia 90. Utafiti wa Kenya ulionyesha dozi moja inazuia maambukizi ya aina hatari zaidi za kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hii, kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18, na Desemba 2022 WHO ikakubali ratiba ya dozi moja. Gharama ya chanjo na ya kuifikisha imepungua sana. Chanja.

Mama wa huyo msichana, hata hivyo, chanjo imempita. Mumbai, wahudumu wa kawaida waliofunzwa kuchunguza kwa kupaka siki kwenye shingo ya kizazi walipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 31. Kipimo cha kirusi ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe ni bora zaidi, pale maabara ipo. Anayekutwa na dalili za awali atibiwe siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Figo zikishafika mwisho

Hili ni gumu na sitalirahisisha. Kusafisha damu kwa mashine ni mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara, mara 156 kwa mwaka, kwa mtu mmoja, maisha yake yote au mpaka apandikizwe figo. Mashine zikinunuliwa bila fedha ya kuziendesha, mgonjwa anaanza, familia inauza ilivyonavyo, anaacha. Thailand iliamua mwaka 2008 kulipia kwanza usafishaji wa tumboni, ambao mgonjwa anafanya nyumbani, kwa sababu haukuhitaji vituo na wauguzi wengi. Nchi yenye fedha kidogo zaidi ya hapo haiwezi kuahidi hata hilo kwa wote.

Ushauri wangu ni huu. Kama dawa za presha na kisukari bado zinakatika zahanati, usifungue kitengo kipya cha kusafisha damu kwa bajeti ya umma. Figo nyingi zinazofika huko ziliharibiwa na presha na sukari ambazo hazikudhibitiwa. Isipokuwa kwa mtu ambaye figo zake zimezimika ghafla kwa uzazi, malaria au maambukizi: wengi wao wakisafishwa wiki chache hupona kabisa. Mashine chache kwa ajili yao zinalipa. Kwa aliyekwisha kufika mwisho na asiye na njia, nchi inadaiwa angalau morfini, dawa za kichefuchefu na mhudumu wa kumtembelea. Hizo si ghali, na kuzikosa hakuna utetezi.

Utajuaje kama uchaguzi ulikuwa sahihi?

Miradi hupenda kuripoti waliopimwa, kwa kuwa namba hiyo hupanda siku zote. Ichukuliwe nyingine. Kwa kila kituo, hesabu wagonjwa wote walioanzishiwa dawa za presha katika robo fulani ya mwaka. Baada ya miezi 6 hadi 9, tazama wangapi kati yao, katika ziara yao ya mwisho, wako chini ya 140 kwa 90. Asiyerudi ahesabiwe kuwa hajadhibitiwa, asifutwe kwenye hesabu. Namba itakuwa ndogo mwanzoni na itauma. Itakuonyesha pia tatizo liko wapi: kama wengi hawarudi, shughulikia umbali na muda wa dawa, kama wanarudi na presha bado iko juu, tazama kama muuguzi anapanda hatua za mwongozo au anarudia dozi ile ile, kama wanarudi na kuondoka mikono mitupu, fuata bohari.